Fungate ya nyumba ya juu ya maji, nianzie wapi? (niko Malindi)

kijana_wa_maweni

Salaam aleikum wadau. Naoa mwezi wa kumi na mbili inshallah, mahari na ukumbi viko sawa, kilichobaki ni fungate ndo inaninyima usingizi. Mchumba wangu ameshikilia kitu kimoja tu, zile nyumba za juu ya maji, unaamka unafungua mlango kuna ngazi inashuka baharini, sakafu ina kioo samaki unawaona ukiwa umelala. Ananitumia video mpaka saa nane za usiku, simu ikilia nadhani kuna msiba kumbe ni kibanda cha Bora Bora, kisiwa cha huko Tahiti.

Mimi si tajiri, nina duka la spea za tuktuk na pikipiki hapa Malindi, nimekuwa nikiweka kidogo kidogo na kuna chama kinanifikia mwezi wa kumi na moja. Sasa nauliza, hapa kwetu kuanzia Watamu mpaka Lamu kuna hoteli yoyote yenye vyumba juu ya bahari kabisa? manake nasikia Lamu kuna kitu kinaelea. Na kama ni lazima Maldives, vile visiwa zilikojaa hizo nyumba, mtu anaenda vipi kutoka huku na pesa zinapotelea wapi, bei za mtandaoni naziona halafu kila mtu ananiambia zidisha mara mbili. Na sitaki nimpeleke mahali halafu kila saa awe analinganisha na video zake, hiyo nitaumia.

tuktuk_ya_baharini

Kaka mjengee kibanda cha boriti pale Mida kwenye mikoko, makuti yapo, kaa wanapita chini, mbu ni bure hulipii sevis chaji 😂 nisamehe, wenye akili wanakuja

nahodha_mstaafu

Waaleikum salaam mwanangu, pongezi. Nakujibu lile la kwanza ndo nalijua. Hakuna, na si kwa kukosa pesa, Waitaliano wamejaa Malindi tangu sisi vijana na wamejenga kila kitu mpaka tanuri za pizza. Kinachokataa ni maji. Bahari yetu inapanda na kushuka sana, siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inapita mita 3, huo ni urefu wa ghorofa moja. Sasa jenga hicho chumba chako juu ya nguzo, saa kumi jioni uko juu ya maji unapigwa picha, ikifika saa nne usiku uko juu ya miamba na majani ya bahari, na asubuhi yake saa nne wale akina mama wa pweza wanapita na vijiti vyao chini ya kitanda chenu wakiulizana habari za nyumbani. Hiyo itakuwa fungate au itakuwa soko la samaki?

Kule zilikoanzia maji hayana tabia hiyo. Zilianzia visiwa vya Tahiti mwaka 1967, Wamarekani watatu walikuwa na hoteli kisiwa cha Raiatea na hoteli yenyewe haikuwa na ufuo wa maana, wakaona basi tujenge vyumba juu ya maji penyewe. Wakapatia, manake Tahiti maji yanapanda kama sentimita 30 tu, hayafiki hata goti, na mwamba umezunguka kisiwa kwa nje mawimbi yanaishia huko. Maldives nako ni kama mita moja hivi. Ukiweka sakafu mahali imekaa, mwaka mzima maji yako chini yako. Kwa hivyo usipoteze kredi kupigia mahoteli ya huku kuuliza, watakuuzia chumba cha kuangalia bahari wakuambie ndio hicho hicho.

mhudumu_wa_zamani

Nahodha kasema kweli tupu. Mimi nilifanya kazi Maldives upande wa vyumba kabla ya korona, hizo nyumba nimezifagia sana kwa hivyo nikueleze.

Kuingia si shida, Mkenya anapewa visa ya siku 30 akifika pale pale bila kulipa, wanachotaka ni tiketi ya kurudi na mahali pa kulala pamelipiwa, na kuna fomu ya mtandaoni inaitwa IMUGA unajaza ndani ya saa 96 kabla ya kusafiri. Hiyo fomu ni bure, ukiona tovuti inakuomba hela funga haraka. Kadi ya homa ya manjano lazima kwa sababu mnatoka Kenya, na mchanjwe mapema, kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kuna watu huchanja jana yake halafu wanashangaa kaunta ya ndege. Mtaunganisha Doha au Dubai.

Sasa pesa zinapotelea. Ile bei ya usiku unayoiona ina alama mbili za kujumlisha pembeni, watu wanadhani ni urembo. Maana yake bado kuna sevis chaji asilimia 10 na kodi ya serikali kwa watalii ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, halafu kuna kodi ya mazingira dola 12 kila mtu kila usiku. Hapo hujafika kisiwani. Kule hoteli moja ndo kisiwa kizima, uwanja wa ndege mkubwa uko karibu na mji mkuu, Male, kutoka hapo unachukua speedboti au ile ndege ndogo inayotua majini, na hiyo ndege ni mamia ya dola kwa mtu kwenda na kurudi na hairuki usiku. Ukitua Male jioni unalala mjini kwa hela yako na ule usiku wa kisiwani umeshaulipia. Kwa hivyo kabla hujapenda hoteli angalia iko mbali gani na Male, za speedboti zinakuokoa sana. Chakula nacho, kisiwa kizima hakuna kibanda cha chapati wala duka la Msomali, utakula kwa bei yao, afadhali ulipie chakula chote kabisa kwenye pakeji uwe na amani. Na desemba yako hiyo, ikiwa ni karibu na Krismasi hoteli nyingi zinakulazimisha ulipie karamu ya sikukuu upende usipende, na wewe Muislamu tena.

Ujanja wetu tuliokuwa tukiwaambia wageni tukiwaonea huruma ni huu, lala usiku mbili juu ya maji na zinazobaki chukua chumba cha ufuoni hoteli ile ile, kinakuwa rahisi zaidi na hamtachoka kutembea. Manake hakuna anayekwambia lile gati la mbao ni refu na jua la saa saba linakuchoma kama chapati, mtu anatoka kula chakula cha mchana anarudi amelowa jasho. Na uliza chumba kiko upande gani, picha zote za mtandaoni ni za nyumba ya mwisho kabisa kwenye gati, wewe utapewa ya katikati mnatazamana na baraza za wenzenu. Uliza maji ya chini yako ni ya mchanga mtupu au kuna mwamba karibu, kwenye mchanga mtupu utaona maji ya buluu mazuri lakini samaki ni wa kuhesabu, na hicho kioo cha sakafu utaona mchanga mpaka uulize kimelipiwa cha nini.

Bei za chumba ziko kila namna, kutoka dola mia kadhaa mpaka maelfu kwa usiku. Mtu akikuuzia pakeji ya juu ya maji bei ya gesti haus ujue atakupeleka visiwa vya wenyeji kama Maafushi, ni pazuri, kodi ya mazingira kule ni dola 6, lakini unalala ndani ya nyumba mtaani kama Shella yetu ya Malindi tu.

dada_kisumu_ndogo

Naona wanaume wanamjibu mwanamume mwenzao. Kijana wa maweni hebu kwanza muulize huyo msichana anataka nini kwenye hizo video, sio wote tunataka maji. Kuna anayetaka picha, kuna anayetaka kuogelea bila watu kumkodolea macho, kuna anayetaka tu mahali pasipo na mawifi. Hivyo ni vitu vitatu na bei zake tofauti. Mimi bwana wangu alinipeleka mahali pa gharama akaniambia ni sapraizi, mimi siwezi hata kuelea, nilikaa kwenye kiti wiki nzima naangalia bahari kama mlinzi.

Na hiyo ya sapraizi uisahau kabisa, pasipoti utaichukulia vipi kimya kimya.

bibi_mkomani

Ndoo Amu, yaani njoo Lamu, mwanangu. Sisi fungate yetu ilikuwa siku saba ndani, chakula kinaletwa mlangoni, somo, yule kungwi wa bibi harusi, ndo anaingia na kutoka, hakuna aliyeona bahari na ndoa zikakaa. Lakini dunia imebadilika sikukatazi.

Hicho ulichosikia kinaelea kipo, kiko kwenye maji kati ya Lamu na Manda, lakini ni baa, muziki na watu, watu huenda jua likizama wakarudi. Bibi harusi wa siku tatu humpeleki huko labda awe mwenyewe kataka. Kulala juu ya maji Lamu tunakujua kwa namna nyingine, unakodi jahazi na nahodha wake na mpishi, mnatweka tanga mchana, mnavua, wali wa nazi na samaki unapikwa humo humo, usiku wanatia nanga kwenye maji matulivu upande wa Manda mnatandikiwa juu mnalala na nyota zenu. Wao wanalala mbele huko wana adabu zao, hawageuki. Huna haja ya nguzo, maji yakipanda mnapanda nayo yakishuka mnashuka. Usiku mmoja unatosha, mgongo una mipaka yake. Zilizobaki chukueni chumba Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani Lamu, kwenye nyumba ya zamani ya mawe chenye dari ya juu kabisa, zile za makuti wazi pande zote upepo unapita, ukiwa huko juu unaona mlango wa bahari na mchanga mpaka macho yaishe. Nyumba nzima nyingine hupangishwa na mpishi wake, hiyo ndiyo siri, hakuna mtu wa kupiga hodi.

Ila desemba ya mwisho Shela hapashikiki, wazungu wanajaa na bei inapaa. Ngojeni januari ya katikati, kaskazi iko vizuri na watu wamepungua. Mwambie aje na nguo za heshima za kutembelea mjini, mavazi ya kuogea ni huko ufuoni mbali. Na udi usinunue uwanja wa ndege, nunua hapa mjini, na vikuba, vile vishada vya maua, uagize mapema kwa wanaotunga, asumini ya jana haina harufu.

mtu_wa_mida

Mimi niongeze la huku kwenu manake ukienda Lamu utakuwa na siku moja mbili za Malindi pia. Usimuoneshe Malindi maji yakiwa mekundu, mvua za vuli zikinyesha bara Sabaki inashusha tope lote na bahari mbele ya mji inakuwa rangi ya chai ya maziwa, atalia. Mpeleke kusini, Mayungu pale wanapopaita Sardegna Due, maji yakipwa panatokea fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari mnashushwa na boti mnasimama humo, hiyo picha ukiituma hakuna atakayejua si Maldives, ni ule ule mchanga mweupe na maji ya kijani. Halafu jioni mje Dabaso kwenye Crab Shack, hicho ndo kitu cha karibu zaidi na unachotafuta kilomita zote hizi, mkahawa wa mbao umejengwa juu ya nguzo ndani ya mikoko, ni wa kikundi cha wenyeji, sambusa za kaa, mnakaa miguu inaning'inia juu ya maji jua likizama kwenye hori la Mida, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu.

Lakini yote ni mpangilio wa maji kama alivyosema nahodha. Ukienda Crab Shack maji yamepwa utaangalia tope na miguu ya mikoko. Ukienda Mayungu maji yamejaa fungu halipo. Nahodha msaidie siku.

Na kama mtaingia eneo la hifadhi ya bahari, ya Malindi au Watamu, hela za KWS, shirika la wanyamapori, unalipia kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen kabla, usimpe mtu wa ufuoni keshi.

nahodha_mstaafu

Siku ni rahisi, chukua ile kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani kwa mama yako. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa kumi na tano hapo ni bamvua, na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji yanakupwa sana asubuhi kama saa nne saa tano, yanajaa jioni kama saa kumi au kumi na moja. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Basi asubuhi mko fungu la mchanga Mayungu, jioni mko Dabaso na ndani ya hori maji huchelewa kidogo kwa hivyo jua likizama bado yapo. Ukienda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, jioni ndo maji yamepwa na tofauti yenyewe ni ndogo, fungu halitoki vizuri na hori halijai vizuri, umekosa kote kote.

Lamu ni vile vile. Bibi hajakwambia Takwa, ule mji wa magofu kisiwani Manda wenye kaburi la mnara, boti inaingia kwa mkondo wa mikoko maji yakijaa tu. Nendeni bamvua jioni, lakini msikilize nahodha akisema turudi, akisema turudi ni turudi, maji hayakungojei uchague picha. Mwezi kumi na tano ndio mzuri zaidi kwa lile jahazi la bibi, mwezi unatoka jua linapozama na mnaona mpaka ngarawa za wavuvi.

mhudumu_wa_zamani

Haya yote mazuri lakini msimdanganye kijana. Msichana ametaka nyumba ya juu ya maji na nyinyi mnampa kaa na jahazi. Kuna watu wataenda Lamu miaka yote na lile la Maldives linabaki rohoni. Kama hela ipo baada ya miaka miwili, aende akamalize. Kwanza wakiwa wamezoeana ndo wanafaidi, wageni wa fungate ndo waliokuwa wakigombana zaidi kule kisiwani, wamechoka na harusi na hakuna pa kukimbilia.

Na kuna kitu hamkukitaja hapo Pemba, hoteli ya Manta upande wa Kigomasha, tangu 2013 wana chumba kinaelea baharini peke yake, juu mnaota jua, katikati sebule, chini kitanda kiko ndani ya maji samaki wanapita dirishani usiku taa ikiwashwa. Ndiyo karibu zaidi na sisi, lakini bei yake ni zaidi ya dola elfu moja kwa usiku mmoja, kwa hivyo uangalie tu picha.

dada_kisumu_ndogo

Wageni wa fungate ndo waliokuwa wakigombana 😂😂 hiyo ungeanza nayo

kijana_wa_maweni

Jamani nawashukuru sana, nimesoma yote na nikafanya kama dada alivyosema, nikamuuliza. Akafikiri kidogo akaniambia anachopenda kwenye zile video ni kwamba nyumba iko mwisho wa daraja na hakuna mtu anaweza kuja bila kuonekana kutoka mbali. Halafu akasema ati mama yako hawezi kupiga hodi pale. Nimecheka lakini nimeelewa, tutakaa kwa mama miezi ya mwanzo mpaka nyumba yetu ya Maweni ipigwe bati.

Kwa hivyo tumekubaliana Lamu januari, nyumba nzima Shela na mpishi, usiku mmoja wa jahazi, tarehe nimetazama kalenda nikaangukia mwezi kumi na tano. Mayungu na Dabaso tutafanya kabla ya kupanda basi. Maldives tumeifungulia akaunti yake kwenye sako, amesema yeye ndo atakayeshika kadi 😅

Swali la mwisho, basi la kwenda huko ni la saa ngapi na kuna la kujua njiani? Sijawahi kupita Garsen.

nahodha_mstaafu

La asubuhi mapema, usichukue la mchana. Kitambulisho kila mtu chake mkononi si ndani ya begi, kuna vizuizi vya polisi na mtashushwa mkaguliwe, njia ya Witu ndo ilivyo. Mkifika Mokowe lami imekwisha, hapo ni boti, kuna boti za abiria za bei ndogo na kuna wale vijana watakaokukimbilia kukuuzia speedboti ya peke yenu, amua mwenyewe lakini patana bei kabla ya mguu kuingia ndani, na vaeni maboya. Kutoka Lamu mjini mpaka Shela boti nyingine tena au mtembee ufuoni maji yakiwa yamepwa.

bibi_mkomani

Na mwambie asije na lile sanduku la magurudumu. Shela ni mchanga na vichochoro, magurudumu hayendi popote, mtamtafuta punda na punda atataka hela yake.